Mutu na Vitu Vyake: Kukusanya vya Zamani, Mapendo ao Utumwa?



Katika vijitabu vyetu tumezoea kuandika juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na heshima kwa wakubwa. Mara hii tunaleta ulizo linaloonekana kuwa dogo, lakini linagusa roho: mutu anayekusanya vitu vya zamani, je, yeye ndiye analinda vitu, ao vitu ndivyo vinamulinda yeye, kama vile askari anavyolinda mufungwa?

Wengine watasema hilo ni ulizo la wazungu na la matajiri. Kwetu huku, nani ana nafasi ya kujaza nyumba na vitu visivyoliwa? Tunawaomba wasiende haraka. Ugonjwa huu unaingia hata mu nyumba ya mwalimu. Tena umeingia hata ndani ya kikundi chetu, sisi tunaojiita walinzi wa desturi. Tutasema hayo bila kuficha, sababu mutu akitaka kusafisha kiwanja cha jirani, inaomba aanze na mbele ya mulango wake.

Mwenzetu na karabini zake

Mwenzetu mumoja, mwalimu wa zamani anayekaa hapa Lubumbashi, ana bunduki za hewa kumi na saba. Ametupa ruhusa ya kueleza habari yake kwa sharti moja tu: tusitaje jina. Bunduki ya hewa ni ile ambayo watu wa hapa wanaita karabini, ya kupigia ndege na makopo. Haitumii baruti. Watoto wa wageni walikuwa nazo, na sisi tulikuwa tunawaangalia kupitia uzio, mukononi tuko na mpira wetu wa kutupia mawe.

Ya kwanza aliipata kwa baba yake. Baba alikuwa fundi mu gereji ya mugeni mumoja. Kiisha zaïrianisation ya mwaka 1973 yule mugeni akafunga mizigo, na kati ya vitu alivyoacha kulikuwa karabini moja ya Kijerumani, resori imevunjika. Ilikaa miaka mingi juu ya kabati. Baba alipofariki, mwana, ambaye sasa alikuwa mutu mukubwa mwenye kazi na bibi, akaishusha, akaifungua, akaomba fundi mumoja amutengenezee resori ingine, na akakata ngozi ya kiatu cha zamani ili kuziba pistoni.

Ni vizuri kueleza namna inavyofanya kazi, sababu utamu unaanzia hapo. Unashika mutututu na kuuvunja kuelekea chini. Kwa kitendo hicho pistoni inarudi nyuma na resori inabanwa. Unaweka karisasi kadogo, chenye kiuno chembamba kama cha nyigu, cha milimita 4.5 ao 5.5, kiisha unarudisha mutututu mahali pake. Ukivuta kifyatulio, resori inafunguka kwa nguvu, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma karisasi. Ni hayo tu. Hakuna moshi, hakuna harufu. Lakini kila kipande kinategemea kingine: ngozi ikikauka, hewa inapotea, resori ikichoka, karisasi kanaanguka mbele ya miguu. Ukiifyatua bila kitu ndani, pistoni inagonga chuma kwa chuma na inajiumiza yenyewe. Mwenzetu anapenda kusema kama kifaa hiki kinafundisha subira.

Siku alipoifyatua kwa mara ya kwanza, kopo la maziwa likaanguka kule mwisho wa kiwanja. «Ile siku,» anatuambia, «nilisikia sawa vile baba anakohoa mu nyumba.»

Kama mambo yangesimama pale, tusingekuwa na kitu cha kuandika. Mwana ametengeneza kitu cha baba yake: hayo ni mema matupu. Lakini akaanza kuuliza na kusoma. Akajua kama karabini yake ilitoka mu mji wa Rastatt, kwa kampuni ya Mayer & Grammelspacher iliyoanzishwa mwaka 1890, yenye alama ya Diana, mungu-mwanamuke wa uwindaji wa Waroma. Katika alama hiyo Diana ameinua karabini juu, na upinde wake anautupa. Akajua tena kama kiisha vita ya pili ya dunia mitambo ya Rastatt ilipelekwa Uingereza, na kampuni ya Milbro ikatengeneza bunduki kule Scotland kwa jina lilelile la Diana. Wajerumani waliporudia kazi yao, kukawa Diana mbili ulimwenguni, mupaka ile ya Ujerumani ikauzwa kwa Waingereza kwa jina la Original.

Mutu wa kawaida akisikia hayo anasema «Ah, kumbe!» na anaenda kulala. Mukusanyaji hawezi kulala. Sasa anajua kama ana moja tu kati ya mbili.

Wasomaji waangalie vizuri, sababu hapa ndipo mlango wa ugonjwa. Mwenzetu alipokuwa na karabini moja, hakupungukiwa na kitu. Alipokuwa nazo kumi, alipungukiwa na mia. Kila kitu alichojifunza kilimuongezea njaa: kuna yenye tarehe imegongwa ku chuma na kuna isiyo nayo, kuna yenye mbao hii na yenye mbao ile. Mulevi wa pombe anajua wakati chupa imeisha. Mulevi wa vitu vya zamani anatafuta chini ya chupa na haioni. «Miye sikutafuta ya pili,» anajitetea. «Ya pili njo ilinitafuta.» Akaenda Likasi, akaenda Kolwezi, akabisha ku nyumba ambazo zamani zilikuwa za wageni, akiuliza kama hakuna kitu kilichobaki mu dari.

Siku moja bibi yake akamuuliza mbele yetu, kwa sauti ya polepole:

«Papa wa batoto, feza ya masomo ya mutoto iko wapi?»

«Mama, hii ni ya mwisho.»

«Ya mwisho mara ngapi?»

Hakujibu. Sisi pia tuliangalia chini. Mutoto alirudishwa nyumbani na masomo kwa wiki tatu, na ku ukuta kulikuwa karabini mupya, yenye umri wa miaka makumi tano.

Kitu cha kushangaza mutu

Tusiwe na haraka ya kumuhukumu, sababu vitu hivi vina uzuri wa kweli. Akili nyingi ilimwangwa ndani yake. Karibu na mwaka 1780 jeshi la Austria lilichukua bunduki ya hewa iliyotengenezwa na fundi Girardoni. Kitako chake kilikuwa chombo cha kubebea hewa, na mutu alikuwa anakijaza kwa pampu kwa mamia na mamia ya misukumo. Iliweza kupiga risasi makumi mbili ao karibu, moja nyuma ya ingine, wakati askari wengine walikuwa bado wanamwanga baruti na kusukuma risasi moja kwa fimbo. Meriwether Lewis, aliyeongoza pamoja na William Clark safari ya kuvuka Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1804 na 1806, alibeba bunduki ya hewa na kuionyesha mara nyingi mbele ya wenyeji. Hakuionyesha ili kuwinda. Alitaka washangae, na mutu anayeshangaa ameanza kuogopa.

Habari ingine inafaa kuliko mahubiri. Mu mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, Marekani, kulikuwa kampuni ya kutengeneza vinu vya upepo kwa ajili ya walimaji. Mwaka 1888 ikaanza kuwapa wanunuzi zawadi: karabini ndogo ya hewa, ya chuma. Unanunua kinu, unapewa karabini bure. Punde si punde watu wakataka karabini kushinda kinu. Mwaka 1895 kampuni ikabadili jina na kuitwa Daisy, jina la karabini yenyewe, na vinu vikasahauliwa. Kinu kilivuta maji ya kunywesha ng'ombe na watoto. Karabini ilikuwa mchezo. Na mchezo ukameza kazi.

Ndivyo inavyokuwa mu moyo wa mukusanyaji. Kwanza kitu kinakuja kama zawadi pembeni ya maisha: kumbukumbu ya baba, pumziko kiisha kazi. Kiisha zawadi inakaa ku kiti cha mwenye nyumba.

Jambo lingine tuliliona kwa macho. Mugeni mumoja kutoka Kivu alikuja kututembelea, tukamupeleka kwa mwenzetu kunywa chai. Alifika ku mulango wa chumba, akaona ukuta, akasimama. «Musinikasirikie, Muzee,» akasema. «Miye siwezi kukunywa chai chini ya hizi bintu.» Alikuwa ameponea vita ya mwaka 1996 na ile ya mwaka 1998, lakini si jamaa yake yote iliponea. Mwenzetu akaanza kueleza kama ni za hewa tu, si za vita. Kiisha akanyamaza, akachukua kitenge cha bibi yake na kufunika ukuta. Tangu siku ile tumeelewa kama maana ya kitu si mali ya mwenye kitu peke yake. Wewe unaona baba yako. Jirani anaona wale waliomuua baba yake. Na kwa inchi yetu, mutu anayependa umbo la bunduki ana deni la kufikiri mara mbili.

Je, bankambo wetu hawakukusanya?

Kuna wanaosema: «Hayo ni mambo ya wageni. Bankambo wetu walikuwa na kitu kimoja kwa kazi moja.» Si kweli. Bankambo wetu walikusanya, tena sana. Ulizo ni namna gani.

Karibu na ziwa Kisale, kule Sanga, wachunguzi walianza mwaka 1957 kufungua makaburi ya zamani sana. Ndani ya mengine walikuta misalaba midogo ya shaba, imewekwa juu ya miili ya wafu. Kadiri karne zilivyopita, misalaba hiyo ikawa ya vipimo vinavyofanana zaidi, na wachunguzi wakaona kama ilitumiwa kama feza. Ndiyo misalaba ileile ambayo mitatu yake ilitiwa ku bendera ya Katanga mwaka 1960. Watu waliikusanya, bila shaka. Lakini feza inakusanywa ili itoke: kwa mahari, kwa deni, kwa maziko. Musalaba wa shaba uliokaa sana mu nyumba moja ulikuwa unangoja safari yake.

Mufano mwingine ni wa ndugu zetu Walega, wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Kwao kuna Bwami, chama cha kupanda daraja kwa daraja, chenye daraja ya juu inayoitwa kindi, na wanawake pia wana daraja zao. Bwami ina vitu vingi: sanamu ndogo za pembe za ndovu na za mbao, zinazoitwa maginga, vinyago vidogo, vijiko, makombe, midomo ya ndege, magamba ya kaka. Mutu akiona vile vitu pamoja anaweza kusema: hawa pia ni wakusanyaji! Lakini Daniel Biebuyck, aliyekaa kwao miaka ya 1950 na kuandika kitabu Lega Culture kilichotoka mwaka 1973, alionyesha kama kila kitu kilikuwa na methali zake. Hakikutundikwa ukutani. Kilifichwa mu kitunga, na siku ya mafundisho kilitolewa, kikachezewa, kikaimbiwa, ili kumuonyesha mwanafunzi namna mutu muzuri anavyoishi na namna mutu mubaya anavyoharibika. Mwenyewe akifariki, vitu vyake viliendelea kwa yule wa jamaa aliyestahili kuchukua nafasi. Tungesema leo: hakuwa mwenye, alikuwa mushikaji.

Utofauti uko hapa. Kitu cha Bwami kilimuomba mwenyewe kazi. Kilimuomba ajue methali, afundishe vijana, aishi kwa namna isiyomupatisha haya, na siku moja akiache. Karabini ya kumi na saba inamuomba mwenzetu jambo moja tu: ya kumi na nane.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ukakataza Bwami. Vitu vingi vikafichwa, vingine vikauzishwa, vingine vikachukuliwa, na leo viko mu makumbusho na mu nyumba za watu kule Ulaya na Marekani. Vimesafishwa, vimewekewa taa nzuri. Lakini mwangalie iginga moja ndani ya kioo: methali yake iko wapi? Imebaki huku, mu kinywa cha muzee asiye na sanamu ya kushika. Wao wana sanamu isiyosema, sisi tuna neno lisilo na mukono. Kukusanya kumewakata mapacha wawili.

Hata wakubwa wetu walianguka

Tusijisifu kupita kiasi. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kusimika ufalme wake Bunkeya katika karne ya 19, aliuzisha shaba, pembe za ndovu na watu ili apate bunduki na baruti kutoka pande zote mbili, ya bahari ya Hindi na ya Atlantiki. Bunduki zilimupa nguvu, na nguvu zikaomba bunduki zingine, na bunduki zingine zikaomba watu wengine wa kuuzisha. Wengi wa Katanga waliokuwa chini yake wakachoka. Tarehe 20 Desemba 1891, wakati watu wa msafara wa Stairs walimuua, bunduki zote zile hazikumuokoa. Hayo yalikuwa mambo ya utawala, si mchezo. Lakini mwendo ni uleule, moja inaita ingine, na bei inalipwa na mutu ambaye hakuulizwa.

Na mukusanyaji akiwa na jeshi nyuma yake, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Luteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo cha Mpala ku ukingo wa ziwa Tanganyika mwaka 1883. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walishambulia kijiji cha mukubwa Lusinga, wakamuua na kumukata kichwa. Fuvu lake na sanamu ya bankambo wake vikapelekwa Ubelgiji. Storms alipamba nyumba yake kwa vitu alivyotoa Afrika, na sanamu ile ikaishia mu makumbusho ya Tervuren. Sanamu hiyo ilichongwa ili watoto wa ukoo wajue walikotoka. Ilipofika ku ukuta wa sebule, ikawa ushahidi wa ushindi wa mutu mumoja. Mbao ni ileile, haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu ambao ilikuwa inawaita.

Sanduku letu wenyewe

Sasa tufike ku mulango wetu.

Miaka ya mbele kikundi chetu kilipanga kukusanya vitu vya desturi, ili vijana waone. Mafikiri yalikuwa mazuri. Tulienda vijijini, tukaomba, tukapewa. Pengine tukanunua kwa bei ndogo, sababu mwenye kitu alikuwa na njaa na sisi tulikuwa na noti mukononi. Tulianza na vyungu, kiisha misalaba ya shaba. Tulipopata wa tano tukafurahi sana. Tulipopata wa nane tukaanza kusema mu mikutano, «Inaomba tufikishe kumi.» Hakuna aliyeuliza: kumi kwa nini? Tulifikisha kumi na moja. Tuliipima kila mumoja urefu na uzito, tukaandika vipimo kwa mwandiko muzuri ku karatasi, tukafunga mu sanduku la mbao lenye kufuli.

Kiisha miaka kadhaa wakaja vijana wawili, kaka na dada, kutoka mbali. Walipiga magoti kidogo kwa heshima na kusalimia kila mutu. Dada ndiye alisema:

«Bababa, tunakuya juu ya kitu ya nkambo yetu. Alisemaka alibapatia musalaba. Amekufa. Mbele ya kufa, aliomba tumuzike nayo.»

Tukafungua sanduku. Misalaba kumi na moja ikalala pale, inang'aa, tuliisafisha vizuri. Tukachukua karatasi. Urefu: uko. Uzito: uko. Jina la mama aliyetupa: halikuandikwa. Kijiji: hakikuandikwa. Tukaanza kuangaliana. Mumoja wetu akasema labda ni huu, mwingine akasema labda ni ule. Wale vijana wakatungoja bila neno. Mwisho yule kaka akauliza kwa upole, «Munajua yote iko na kilo ngapi, na hamujue iko ya nani?»

Tuliwaambia wachague wanaoufikiri kuwa ndio. Dada akakataa. «Kama si yake,» akasema, «tutamuzika na deni ya mutu mwingine.» Wakaaga, wakaenda. Bibi yao alizikwa bila musalaba.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulizoea kulisema neno hilo kwa wachuuzi. Siku ile lilisemwa juu yetu. Na daftari tulikuwa nayo! Lakini tulikuwa tumeandika ndani yake mambo ya vitu, si mambo ya watu. Mwenzetu wa karabini alikuwepo siku hiyo. Hakusema kitu. Aliporudi nyumbani, bibi yake anatuambia, alikaa muda murefu mbele ya ukuta wake uliofunikwa.

Mafikiri yetu

Basi tuseme nini? Hatusemi kama kukusanya ni zambi. Bila watu wenye moyo wa kukusanya, vitu vingi vya zamani vingekuwa vyuma vya kuyeyushwa na kuni za kupikia. Anayetengeneza resori iliyovunjika anafanya kazi ya heshima. Hatusemi pia kama wingi ndio ubaya. Kitunga cha Bwami kinaweza kujaa. Yesu alipotoa mufano wa tajiri aliyetaka kubomoa gala zake na kujenga kubwa zaidi (Luka 12), kosa la yule tajiri halikuwa mavuno mengi. Alizungumza na roho yake peke yake. Hakuna mutu mwingine hata mumoja ndani ya mazungumzo yake.

Ndiyo sababu tunatoa maulizo matatu. Kila mutu ajiulize mbele ya kuongeza kitu kingine ku ukuta, ikiwa ni karabini, kinyago, simu, nguo ao gari.

La kwanza: kitu hiki kinaniomba nini? Kama kinaomba nifundishe, nitengeneze, nikumbuke, niachie mwingine, ni kitu cha desturi, hata kama kilitengenezwa Rastatt. Kama kinaomba tu ndugu yake, ni bwana, na mimi ni boi wake.

La pili: nani analipa? Mutoto aliyerudishwa na masomo ni sehemu ya bei. Mama aliyeuzisha sababu ya njaa ni sehemu ya bei. Mugeni asiyeweza kunywa chai ni sehemu ya bei. Mukusanyaji anapenda kusema «nilipata kwa bei nzuri». Aulize: nzuri kwa nani?

La tatu: siku nikifa, nani atajua hiki ni nini? Kama jibu ni «hakuna», basi sikulinda kitu. Nilikichelewesha tu mu njia ya kupotea.

Mwenzetu aliuzisha karabini sita, kwa hasara, na feza ikaenda ku masomo. Hatutasema kama amepona. Mu soko bado tunamuona anageuza kichwa akiona chuma cha zamani. Zilizobaki kumi na moja amezifungulia daftari, na kwa kila moja ameandika imetoka kwa nani, mu nyumba gani, na huyo mutu alisema nini siku ile. Vijana wawili wa mutaa wanakuja siku ya mposho kujifunza kutengeneza resori na kukata ngozi ya pistoni. Karabini ya baba iko peke yake mu chumba; zingine ziko mu sanduku. Kitenge kilirudishwa kwa mwenyewe.

Na sisi? Tumeacha kununua. Tumeanza kurudi mu vijiji tulivyopita, na karatasi, na misalaba imefungwa mu kitambaa. Tunakaa na wazee, tunaonyesha, tunauliza. Pengine wanatucheka, pengine wanatukaripia, na wana haki. Tunaomba kila musomaji aliyetupatia kitu miaka ile, ao aliyesikia mzazi wake akisema habari hiyo, aje atuambie jina.

Mupaka leo minne imejulikana ni ya nani. Saba bado.